Darasa la Bure Lina Saa 600

Jumapili baada ya ibada, katika makanisa ya Wakongo huko Lexington, Louisville, Dayton au Des Moines, hakosekani mama anayetoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne na kumsogelea kijana anayejua Kiingereza. Ni tangazo la darasa. Neno lenye maana ya "bure" limeandikwa kwa herufi kubwa juu kabisa. "Mwanangu," anauliza, "hii shule ni ya bure kweli, ao watatuma bili nyuma?"

Kijana anacheka. "Ni ya bure, mama." Na hasemi uongo. Ila mama hakuuliza kijinga. Amekaa Marekani muda wa kutosha kuona kwamba hata ukibebwa na gari la wagonjwa, bili hukufuata nyumbani kwa posta. Anataka kujua kama darasa hili nalo lina mkia. Lina. Mkia huo unapimwa kwa saa, na hesabu yake inatosha nyuma ya karatasi ile ile ya tangazo. Ajabu ni kwamba wanaogawa matangazo hawaifanyi.

Nazungumzia Wakongo kwa sababu hao ndio kundi kubwa la wasemaji wa Kiswahili waliopokelewa Marekani kama wakimbizi. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 walipokelewa 16,370, wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote. Mwaka 2023 wakawa 18,145, na 2024 wakafika 19,923 kati ya wakimbizi 100,034. Walitoka Nyarugusu kule Kigoma, Nakivale na Kyangwali kule Uganda, makambi ya Burundi na kwingineko, wakiwa na Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge, Kiswahili, na baadhi Kifaransa cha shule. Mlango huo sasa umebaki ufa tu: mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa 20 Januari 2025, na kikomo cha mwaka wa bajeti wa 2026 ni watu 7,500 kutoka dunia nzima. Waliokwisha kuingia, hata hivyo, wapo, na walio wengi bado wako njiani na Kiingereza chao.

Kibaba cha Kiingereza kina ukubwa gani?

Elimu ya watu wazima ya Marekani hugawa wanaojifunza Kiingereza katika madaraja 6. La chini ni la asiyeweza kusoma wala kuandika. La juu ni la anayekaribia kukaa darasa moja na wenyeji. Makisio ya kawaida ya wapangaji ni kiasi cha saa 100 za darasani kupanda daraja moja. Mwepesi hupanda kwa 85, mwingine kwa 150. Zidisha 100 mara 6 upate 600.

Watu wa mitihani ya Cambridge, ambao hawahusiani na mfumo huo wa Marekani, nao wana makisio yao: saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili uweze mazungumzo mepesi ya dukani na kwa jirani, 350 hadi 400 ili ujitegemee katika mambo ya kila siku, 500 hadi 600 ili ufanye kazi ya ofisini bila kuhangaika. Njia mbili tofauti, na zinafika karibu mahali pamoja.

Kuna kipimo cha tatu, ninachokipenda kuliko vyote viwili. Marekani ina chuo cha kufundisha wanadiplomasia wake lugha, kiko Arlington, Virginia. Chuo hicho kimeshapanga lugha za dunia kulingana na muda ambao Mmarekani huhitaji kuzimudu kikazi. Kihispania na Kifaransa viko upande wa rahisi, Kichina na Kiarabu upande wa mgumu. Kiswahili kiko katikati: wiki 36, yaani saa zaidi ya 800 za darasani, mbali na kazi ya nyumbani. Mwanadiplomasia anayejiandaa kwenda Dar es Salaam hukaa darasani saa 23 au zaidi kwa wiki, katika kikundi kidogo, huku mshahara wake ukiingia benki kama kawaida. Kiwango anacholenga kukifikia ni kikubwa kuliko anachohitaji mama wa Lexington, hilo nakubali. Lakini umbali wa Uvira hadi Bukavu ni ule ule ukienda na ukirudi. Serikali inayojua kwamba mtu wake msomi anahitaji saa 800 kukifikia Kiswahili haina sababu ya kushangaa mkulima wa Fizi akiwa hajakimudu Kiingereza baada ya miezi sita.

Turudi kwenye 600. Swali linalofuata ni darasa lenyewe linatoa ngapi kwa wiki, na hapa ndipo neno "bure" linapoficha mengi. Kikundi cha mazungumzo cha maktaba, saa moja na nusu kila Jumamosi, kwa wiki 40 za mwaka, kinakupa saa 60. Kwa mwendo huo 600 zinatimia baada ya miaka 10. Darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi, saa mbili mbili, kwa wiki 36 za mwaka wa masomo, linatoa 144: miaka minne na ushee. Darasa la asubuhi la siku nne, saa mbili na nusu kila siku, linatoa 360 kwa mwaka, kwa hiyo mwaka mmoja na miezi minane hivi ya masomo. Na darasa zito la saa 20 kwa wiki linamaliza kazi katika wiki 30.

Yote manne ni ya bure. Moja linachukua mwaka usiotimia, lingine muongo. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini kibaba cha lugha kina tundu chini: ulichojifunza Jumamosi hii kimeshavuja nusu ifikapo Jumamosi ijayo usipokitumia. Darasa la saa moja na nusu kwa wiki ni zuri kwa aliyekwisha kupanda na anatafuta wa kuongea naye. Kwa anayeanza, linampa moyo zaidi kuliko lugha.

Hesabu ya 600 ina mtu isiyemjua. Kijana aliyesoma sekondari Bukavu kwa Kifaransa ataikimbia. Maneno mengi ya Kiingereza cha ofisini atayatambua kwa sura tu, kama ndugu wa mbali. Mama ambaye vita vilimkuta kabla ya shule, na kambini akawa wa kuchota maji na kulea, hajawahi kushika kalamu. Huyo anafundishwa mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba alama hizi zina sauti, na kwamba sauti hizo ni za lugha asiyoijua. Saa 100 za daraja lake la kwanza zinaweza kuwa 200 au zaidi bila yeye kuwa mzito wa akili hata kidogo. Kiswahili kina irabu tano na kinasomwa kama kinavyoandikwa. Kiingereza kina irabu tano kwenye karatasi na zaidi ya kumi mdomoni. Ningekuwa mimi, mama huyu ningemfundisha kwanza kusoma Kiswahili chake, miezi michache tu, ndipo nimvushe. Lakini fedha za serikali zimeandikwa Kiingereza na zinalipa Kiingereza.

Basi, mtoto na shifti

Sasa tuzilipe saa hizo 600. Chukua darasa la jioni, saa mbili kwa kikao. Saa 600 ni vikao 300. Tuseme mama hana gari, anapanda mabasi mawili, na kwenda, kungoja na kurudi kunamla dakika 100. Hiyo ni dakika 30,000 kwa vikao vyote, yaani saa 500. Kwa kila saa 6 za darasa, saa 5 za basi. Miji mingi ninayoitaja ilijengwa kwa ajili ya magari, na basi la jioni linalopita kila baada ya dakika 40 ni jambo la kawaida. Ukilikosa wakati wa theluji ndipo unapofahamu kwa nini madarasa hujaa Septemba na kubaki nusu Januari.

Nauli, tuseme dola 2 kila upande: dola 1,200. Mtoto mdogo anaachwa kwa jirani, kwa heshima ya dola 10 kwa jioni: dola 3,000. Na kama jioni hizo angeweza kuzifanyia kazi ghalani au kwenye kiwanda cha kuku kwa dola 16 kwa saa, saa 600 ni dola 9,600. Jumla dola 13,800, na muda wa basi sijauhesabia hata senti.

Utasema nimezidisha, kwa kuwa si kila mtu ana jirani wa kumlipa wala kila mtu ana kazi ya kuiacha. Kweli. Bibi yupo nyumbani, mjomba ana gari, kanisa lina basi dogo. Vuta namba zako mwenyewe uziweke pale. Ninachotaka kionekane ni mahali gharama ilipo. Ada, ambayo ndiyo watu huiulizia kwanza, ni sifuri. Nauli ni sehemu ndogo. Mtoto anagharimu zaidi ya basi mara mbili na nusu, na saa za kazi zinavimeza vyote. Ndiyo maana darasa lenye chumba cha watoto, hata likiwa na mwalimu wa kawaida tu, linaweza kuwa na thamani kuliko darasa lenye sifa lisilo na chumba hicho. Na darasa unaloweza kwenda kwa miguu linakurudishia saa 500.

Kuhusu kazi kuna namba nyingine inayouma. Mkimbizi asiye na watoto wadogo alikuwa akipewa msaada wa fedha taslimu kwa miezi 8 tangu afike. Machi 2022 ikaongezwa kuwa 12, na tangu 5 Mei 2025 ikapunguzwa hadi 4. Iweke miezi hiyo kwenye darasa la saa 10 kwa wiki. Miezi 12 ni wiki 52, yaani saa 520, madaraja matano na ushee. Miezi 4 ni wiki 17, saa 170, zaidi kidogo ya daraja moja na nusu. Mwenye daraja moja na nusu anajua kusema jina lake, anwani yake na siku za wiki. Kwa hayo anaingia sokoni kutafuta kazi, na kazi inayompokea ni ile isiyohitaji mdomo: kukata kuku, kufunga maboksi, kusafisha hoteli usiku. Akishaingia shifti ya usiku, darasa la asubuhi linamkuta amelala na la jioni linamkuta anavaa viatu. Wenye watoto huingia kwenye msaada mwingine wa serikali, wenye muda mrefu zaidi, lakini nao una masharti yake ya kazi.

Anayelipa mwalimu

Kitu kikiwa bure kwako, kuna mwingine aliyekilipia. Sheria ya Marekani ya elimu ya watu wazima ni ya 1966. Iliyopo sasa ilipitishwa 2014. Kupitia sheria hiyo serikali kuu imekuwa ikiyapelekea majimbo kiasi cha dola milioni 715 kwa mwaka katika bajeti za karibuni. Ukizigawa kwa wanafunzi wanaozidi kidogo milioni moja, na zaidi ya nusu yao wanasoma Kiingereza, kila mmoja anaangukiwa na dola 650 hivi. Mtoto wa shule ya umma aligharimu wastani wa dola 15,633 mwaka wa 2022. Yaani mtoto wa mama huyu, akikaa darasani kujifunza Kiingereza kile kile, amewekewa mara ishirini na zaidi ya kile ambacho serikali kuu inamwekea mama yake.

Ulinganisho huo una kasoro: shule za watoto hulipwa zaidi na majimbo na wilaya, na elimu ya watu wazima nayo huongezewa na majimbo. Sheria inataka jimbo lichangie angalau asilimia 25 ya jumla. Hapo ndipo anwani yako inapoanza kuwa na bei. California, tangu 2015, imekuwa ikiweka dola milioni 500 na zaidi kwa mwaka kutoka mfuko wake yenyewe, na vyuo vyake vya jamii hufundisha Kiingereza bila ada katika kozi zisizo za kuhesabiwa kuelekea shahada. (Chuo hicho hicho, kozi ya kuhesabiwa inaanzia dola 46 kwa kila uniti. Ukikosea mstari kwenye fomu, bure imeondoka.) Majimbo mengine hutoa kinachotakiwa na sheria na kuishia hapo. Mkimbizi hachagui jimbo kwa kusoma bajeti. Huchaguliwa na shirika linalompokea, au hufuata shemeji.

Wahitaji ni wangapi? Zaidi ya watu milioni 25 nchini humo wenye umri wa miaka 5 na zaidi hujibu kwenye takwimu za serikali kwamba hawasemi Kiingereza "vizuri sana". Weka pembeni watoto, wazee waliochoka na wale ambao wanakijua cha kuwatosha. Hata hivyo, ukiweka viti laki sita hivi mbele ya milioni 25, ni kiti kimoja kwa watu 40. Miaka ya mwanzo ya 2000 mfumo huu wote ulikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 2. Leo umebaki na nusu yake.

Ndiyo sababu kuna foleni, na mahali pengine bahati nasibu. Mji wa Framingham, magharibi ya Boston, ulikuwa na waombaji wengi kuliko viti, ukaamua kuchagua kwa bahati nasibu. Kwa aliyekosa ilikuwa hasara. Kwa watafiti ilikuwa zawadi, kwa sababu waliopata na waliokosa hawakutofautiana kwa bidii wala kwa akili, ila kwa karatasi iliyochomolewa. Blake Heller na Kirsten Slungaard Mumma wakafuatilia makundi yote mawili. Utafiti wao, uliochapishwa 2023, ulikuta kwamba kusoma kuliongeza kipato cha mwaka kwa dola 2,400, sawa na asilimia 56, na uandikishaji wa wapiga kura ukazidi maradufu. Asilimia 56 isikutishe: wastani wa kulinganishia ulikuwa mdogo kwa kuwa ndani yake wamo wasio na kipato chochote. Dola 2,400 ndizo za kushika. Na kodi iliyoongezeka, kwa hesabu yao, ilirudisha gharama yote ya masomo kadiri miaka ilivyokwenda, ikamwachia mlipa kodi faida ya asilimia 6 kwa mwaka.

Ukiziweka dola 2,400 hizo mbele ya dola 13,800 za mama yetu, gharama inarudi kabla ya mwaka wa sita kuisha. Najua namba hizi mbili hazikupikwa chungu kimoja: wanafunzi wa Framingham hawakusoma wote saa 600, na wala si wote waliacha shifti. Lakini zinatosha kumjibu mume anayesema darasa ni kupoteza muda. Na zinaeleza pia kwa nini mwaka wa kwanza na wa pili, unapolipa bila kuona kitu, ndiyo miaka ambayo watu wengi huacha.

Basi ungetarajia serikali iongeze viti. Tarehe 1 Machi 2025 rais alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi. Pendekezo la bajeti yake ya 2026 likaiondoa elimu ya watu wazima kabisa. Tarehe 1 Julai, siku ambayo majimbo hutarajia fedha zao, dola milioni 715 zikazuiwa pamoja na fedha nyingine za elimu. Ziliachiliwa mwisho wa mwezi, baada ya vituo kadhaa kukaa wiki nzima nzima bila kujua kama vitafungua. Mwezi huo huo Wizara ya Elimu ikatoa tafsiri mpya ya sheria ya 1996 ya misaada ya serikali, ya kuwazuia wasio na hati kusoma kwa fedha hizo. Majimbo zaidi ya kumi yalienda mahakamani, na kwa hayo tafsiri ikasimamishwa. Mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye grinikadi wamo kwenye orodha ya wanaostahili. Hata hivyo usishangae ukiombwa karatasi pale ambapo dada yako, miaka mitatu iliyopita, aliandika jina tu akakaa.

Mambo ya dirishani

Siku ya kwanza kituoni husomi, unapimwa. Mtihani unaotumika sana unaitwa CASAS. Ufanye kwa uaminifu. Kuna watu humwomba mtoto awasaidie majibu, wakawekwa daraja la nne, wakakaa mwezi mzima kama wamefungiwa kwenye chumba cha redio isiyo na Kiswahili.

Baada ya hapo kuna namba mbili za kituo ambazo hutaambiwa. Ya kwanza ni 12: mwanafunzi asiyefikisha saa 12 hahesabiwi kuwa mshiriki, kwa hiyo kituo hakina cha kuonyesha kwa ajili yake. Ya pili ni 40: mtihani wa kupima kama umepanda haufanywi kabla ya kiasi hicho cha saa, na wenye mtihani wanapendekeza 70 hadi 100. Fedha za kituo za mwaka ujao hutazama waliopimwa wakapanda. Ukielewa hivyo hutaona mwalimu ana roho mbaya anapokuondoa kwenye orodha baada ya kukosa mara tatu bila kupiga simu; kiti chako kina watu 39 wanaokisubiri nje. Piga simu, au tuma ujumbe, hata wa maneno mawili. Tena vituo vingi havipokei mtu siku yoyote, vinapokea kwa awamu, hasa karibu na Agosti na Januari. Ukifika Oktoba unaweza kuandikwa foleni na kusahaulika.

Mashirika yaliyowapokea wakimbizi nayo huwa na madarasa, kwa sababu sheria ya wakimbizi ya 1980 iliitaja lugha waziwazi. Huduma hizo hudumu miaka 5 tangu kufika. Na miaka 5 hiyo hiyo ndiyo unayotakiwa kukaa kabla ya kuomba uraia. Angalia zinavyokutana: darasa la shirika linafungwa mwezi ule ule mtihani unapofunguliwa. Waliofika kati ya Oktoba 2022 na Septemba 2024, zaidi ya 38,000 kutoka Kongo peke yake, watafika kwenye njia panda hiyo kati ya Oktoba 2027 na Septemba 2029. Anayengoja mwaka wa tano ndipo aanze kusoma ataanza bila shirika.

Mtihani wenyewe wa uraia hauhitaji saa 600. Unasoma sentensi moja kwa usahihi kati ya tatu, unaandika moja kati ya tatu, na kwa walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025 unaulizwa maswali 20 ya historia na serikali kutoka orodha ya 128, upate 12. Kinachowaangusha watu ni mazungumzo ya kabla ya hapo, ofisa anapopitia fomu yako na kukuuliza umeelewa nini. Ada ni dola 760 kwa fomu ya karatasi, dola 710 mtandaoni. Wazee wa miaka 55 waliokaa na grinikadi miaka 15 husamehewa Kiingereza, na wa miaka 50 waliokaa miaka 20. Kwa bibi wa miaka 60 aliyefika 2016, msamaha huo haujakaribia: ni 2031.

Mtandaoni kuna USA Learns, iliyoanzishwa 2008 na ofisi ya elimu ya kaunti ya Sacramento. Ni bure bila mkia, isipokuwa simu na intaneti, na kwa mwenye shifti ya usiku ndiyo darasa pekee linalofunguka saa tisa alfajiri. Haitakusahihisha matamshi kama mtu atakavyokusahihisha. Lakini nusu saa kila siku, kwa siku 300, ni saa 150 kwa mwaka, zaidi ya lile darasa la jioni la mabasi mawili. Anayeweza kuvifanya vyote viwili atafikisha 294, na miaka minne inakuwa miwili.

Kama hujui pa kuanzia, piga 211 kutoka simu yoyote. Ni namba ya huduma za jamii, na simu hailipiwi. Neno la kwanza la kusema ni "Swahili", halafu usikate. Itakuwa kimya, pengine dakika mbili, wakati wanamtafuta mkalimani. Anaweza kuwa mtu wa Mombasa au Arusha na akakuuliza mara mbili ulichosema, nawe umwambie aseme polepole. Mpe posta kodi yako. Halafu, kabla ya kuuliza jina la shule, uliza ni saa ngapi kwa wiki, ni mabasi mangapi, na kama kuna mtu wa kumshika mtoto.